Bagamoyo au Mji Mkongwe? Miji mikuu miwili ya zamani, uchague upi wa kuutembea kwa mguu

Kila ikikaribia wikiendi ndefu swali ni lilelile: mtu yuko Dar, ana siku moja au mbili, anataka kutembea mji wa kihistoria akiwa na mtu wa kumuelezea, sasa aende Bagamoyo au avuke Unguja? Majibu anayopewa mengi ni ya mkato, mmoja anamwambia "nenda Zanzibar bwana, Bagamoyo kuna nini", mwingine anamwambia "Zanzibar hela nyingi, nenda tu Bagamoyo", kana kwamba ni safari ileile ila yenye bei mbili. Hapana jamani. Miji yote miwili iliwahi kuwa makao makuu, yote iko pwani, yote ilikula kwenye biashara ya pembe na watu, ila kuitembea ni vitu tofauti kabisa na mtu anayefurahia mmoja anaweza akachoshwa na mwingine.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mji Mkongwe unaweza ukautembea peke yako bila mwongozaji, ukapotea potea vichochoroni, ukanywa kahawa yako, ukarudi umefurahi. Bagamoyo ukitembea bila mwongozaji utaona kuta zilizochakaa, barabara ya mchanga na mbuzi, halafu utarudi Dar unalalamika kwamba hamna kitu. Kwahiyo kama hoja ni kulipia matembezi ya kuongozwa, yaani unataka hela uliyompa yule mtu ikurudie kwa maelezo, basi Bagamoyo inalipa zaidi. Ila subiri, maana kuna watu nisingewapeleka Bagamoyo hata kwa hisani.

Ukuu wenyewe wa hiyo miji

Unguja ilianza kuwa kubwa pale Seyyid Said wa Oman alipoamua kwamba Muscat basi, akahamishia makao yake kisiwani kwenye miaka ya 1830 kwenda 1840. Karafuu, pembe za ndovu, watumwa, majahazi ya kusi na kaskazi, kila kitu kikawa kinapita hapo. Waingereza wakaja kuufanya usultani kuwa chini ya ulinzi wao mwaka 1890, Mapinduzi yakaja 1964, lakini cheo mji haukupoteza, mpaka leo ni makao ya Serikali ya Mapinduzi. Hilo ndo unaliona ukitembea: mji haujawahi kuacha kuwa mji. Nguo zimeanikwa kwenye roshani ya nyumba ambayo mtalii anaipiga picha, mtoto anatoka madrasa anapita katikati ya kundi lenu bila hata kuwaangalia.

Bagamoyo ukuu wake ulikuwa mfupi mno. Kabla ya hapo ulikuwa mji wa misafara, ndo mwisho wa njia inayotoka Ujiji kupitia Tabora na ndo mwanzo wake pia, halafu Wajerumani walipoingia wakaufanya makao makuu ya koloni lao. 1891 wakahamia Dar es Salaam. Sababu haikuwa ya kisiasa sana, ni maji tu: ufukwe wa Bagamoyo ni wa kina kifupi, meli kubwa inabidi itie nanga mbali huko halafu mizigo iletwe na vyombo vidogo, wakati Dar kuna bandari ya asili ambayo meli inaingia mpaka ndani. Ukiuelewa uamuzi huo mmoja unaelewa karibu kila kitu utakachokiona mjini, mbona Boma kubwa la mwaka 1897, lililojengwa makao makuu yakiwa yameshahama, leo liko kwenye mji mtulivu hivi, mbona kuna jengo la forodha pwani bila bandari ya maana mbele yake. Mji uliwahi kubeba mambo makubwa halafu mambo makubwa yakahama. Sasa hilo nani atakuambia kama unatembea mwenyewe? Ukuta hausemi.

(Kuna atakayeuliza mbona Kilwa sijaitaja. Kilwa Kisiwani ni kongwe kuliko yote haya lakini siyo safari ya kutoka Dar asubuhi ukarudi jioni, tuiache.)

Kufika

Bagamoyo ni kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar, lami mwanzo mwisho, unapita Tegeta, Bunju, Mapinga. Daladala zipo, gari binafsi ndo usiseme, shida ni foleni ya kutoka mjini tu, ukishavuka Bunju unakuwa umepona. Hamna tiketi ya kukata jana wala kitambulisho cha kuonyesha mtu. Ukiamka umeamua, unaenda.

Unguja ni boti, kama saa mbili hivi baharini kwa zile za kasi, na bahari ikichafuka wapo wanaofika wamelegea kabisa, kwahiyo kama una tumbo jepesi kunywa dawa yako kabla. Tiketi ya boti inataka kitambulisho, hata kama ni Mtanzania usiende bandarini mikono mitupu. Na kama una mgeni kutoka nje ya nchi mwambie mapema kwamba Zanzibar tangu Oktoba 2024 ina bima yake ya lazima kwa wageni wa kutoka nje, dola 44 kwa mtu mzima, na hiyo ni nje ya nauli na nje ya kiingilio. Familia ya wageni wanne hapo umeshafika bajeti ya Bagamoyo yote na chakula juu, kabla hata hamjapanda boti.

Unaweza kwenda Unguja asubuhi ukarudi jioni ya siku hiyohiyo? Unaweza, watu wanafanya, ila utakuwa unaangalia saa muda wote na mwongozaji anaharakisha, na uzuri wa Mji Mkongwe uko jioni bwana, Forodhani inavyowaka taa na mishikaki na urojo na juisi ya miwa, vijana wanaruka baharini wakishindana kwa mbwembwe. Kumkatia mtu Mji Mkongwe bila jioni yake ni kumuonea. Lala usiku mmoja. Bagamoyo haihitaji kulala, ukianza mapema unaimaliza.

Miguu na jua

Hili watu hawaliulizi na ndo linaloharibu safari nyingi.

Mji Mkongwe vituo viko karibu karibu. Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib, Forodhani, kasri la masultani, vyote viko upande wa bahari unavimaliza kwa hatua chache, halafu unaingia ndani kwenye vichochoro unaibukia Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa, kisha Darajani sokoni, basi. Saa mbili mpaka tatu za kutembea polepole. Na vichochoro ni vyembamba, nyumba ni ndefu, kwahiyo kivuli kipo karibu muda wote, hata mzee mwenye magoti mabovu anaweza kwenda akipumzika kwenye baraza za watu. Kinachosumbua ni pikipiki na baiskeli zinazokuja nyuma yako kwa kengele, na sakafu zinazoteleza mvua ikinyesha.

Bagamoyo imetawanyika. Magofu ya Kaole yako kusini kama kilomita 5 kutoka mjini, misheni ya Wakatoliki iko upande wa kaskazini, na mji wenyewe wa kale uko katikati. Huwezi kutembea vyote kwa mguu, au unaweza lakini jua la saa sita litakusomesha namba. Watu wenye akili wanachukua bajaji au boda kwa Kaole na misheni, na ule mtaa wa kale katikati, kuanzia Karavanserai (kituo cha zamani cha misafara) kushuka Mtaa wa India mpaka Boma, forodha ya zamani, soko la samaki na ngome, huo ndo wanautembea kwa mguu. Anza saa mbili au saa tatu asubuhi na Kaole uende mwanzo kabla jua halijakaa vizuri. Kofia na maji ni lazima, vivuli ni vichache sana ukitoa ile njia ya miembe pale misheni.

Unachokwenda kuona, upande wa Unguja

Nisiwe mnafiki, kwa majengo tu kwa majengo Mji Mkongwe unashinda na haishangazi UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698, na leo ndani kuna jukwaa lenye viti vya kulizunguka ambapo tamasha la muziki la Sauti za Busara na tamasha la filamu zimekuwa zikifanyika. Jirani yake Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883 na ambayo iliingiza umeme na lifti wakati huku kwingine watu wanasikia tu habari hizo. Ila hapa lazima nikuonye: sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafariki, na tangu hapo limekuwa la kuangalia kwa nje wakati wa ukarabati. Uliza hali ya siku hiyo kabla hujalipa, na mtu akikuuzia matembezi yenye "kuingia Beit al-Ajaib" muulize mara mbili.

Pale mbele ya bahari ndo pia mwongozaji atakuhadithia vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipojitwalia kiti na meli za Waingereza zikapiga kasri kwa mizinga, mambo yakaisha ndani ya dakika 38 wengine wanasema 45. Kila mwongozaji anaisimulia kama kichekesho kwa sababu ni vita fupi kuliko zote duniani. Wachache wanaongeza kwamba walioumia na kufa upande wa Sultan walikaribia 500. Ukimpata anayeongeza hilo bila kuulizwa, huyo ni mwongozaji mzuri, kaa naye.

Halafu Mkunazini. Hapa ndo kitovu cha matembezi yote. Barghash alibanwa na Waingereza mpaka akasaini mkataba mwaka 1873, soko la watumwa likafungwa, na mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale sokoni. Altare iko mahali panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia viboko, na Askofu Edward Steere, ambaye ndiye aliyeshughulika sana na kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, amezikwa nyuma yake. Angalia na nguzo fupi fupi karibu na mlango, utaambiwa mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu Askofu akiwa hayupo. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu wamesimama, zimechongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, na mnyororo ulio shingoni mwao ni mnyororo wa kweli wa enzi hizo. Chuma kimeliwa na kutu, pete moja moja, na kundi lolote likifika hapo kelele zinakatika zenyewe, hata wale waliokuwa wanapiga selfi tangu bandarini.

Sasa vile vyumba viwili vya chini, vyenye dari ya kukugusa kichwa. Utaambiwa watumwa walikuwa wanajazwa humo wakisubiri mnada. Huenda. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, la baada ya soko kufungwa, kwahiyo ni swali halali kabisa kumuuliza mwongozaji hivi vyumba ni vya lini na vilikuwa vya nini. Anayekasirika ukimuuliza hivyo, anza kuwa na wasiwasi na mengine aliyokuambia.

Milango siitaji sana, kila mtu anaijua, ile yenye vichwa vya shaba vilivyochongoka na ile yenye minyororo na samaki kwenye fremu. Ila mwambie mwongozaji akusimamishe kwenye mlango mmoja tu akusomee kila kilichochongwa, kuliko kupitishwa kwenye thelathini kwa kasi. Nyumba ya Tippu Tip nayo ipo, jina lake halisi Hamed bin Muhammed, alifariki hapo Unguja mwaka 1905 baada ya kuacha maisha yake kayaandika kwa Kiswahili chake mwenyewe. Na kama kundi lina vijana wa muziki basi watataka Shangani, kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, maana alizaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Sina la kuongeza, kuna picha na maandishi, mtu anayempenda anafurahi na asiyemjua anasubiri nje.

Na upande wa Bagamoyo

Huku mambo yako wazi wazi na kimya. Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na mwingine wa baadaye, na makaburi zaidi ya 20 ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo ndefu zenye vishimo ambavyo zamani vilipachikwa bakuli za Kichina. Hebu fikiria, bakuli imefinyangwa China, imevuka bahari, imekuja kuishia kuwa pambo la kaburi Kaole. Vipande vyake viko kwenye kijumba cha makumbusho hapohapo. Kuna kisima watu wanakiheshimu na mbuyu ambao ukiuzunguka eti unaongezewa umri, wageni wote wanauzunguka, hata wanaojifanya hawaamini. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walishukia upande huu wa Kaole mwaka 1857 wakielekea kutafuta maziwa makuu.

Ukirudi mjini anzia Karavanserai, pale misafara ilipokuwa inatua. Na hapa nina ombi moja kwa kila anayekwenda: muulize mwongozaji habari za wapagazi. Matembezi mengi ya Bagamoyo yanasimuliwa kama vile kila Mwafrika aliyeingia mjini aliingia kwa mnyororo. Watumwa walipita, wengi, na hiyo ni sehemu nzito haina ubishi. Lakini biashara iliyoushikilia mji ilikuwa pembe, na wapagazi walioibeba, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa watu wa kulipwa, wana viongozi wao, wana nyimbo zao, wanagoma mshahara ukileta ujanja. Mji ulikuwa unajaa maelfu yao msimu wa misafara, wanalala, wanakula, wanauza, wanasubiri mzigo wa kurudi nao bara wa nguo na shanga. Hilo likisimuliwa vizuri, ule uwanja mtupu wa Karavanserai unajaa watu kichwani kwako, na hiyo ndo maana nasema mwongozaji ndo kila kitu Bagamoyo.

Ngome ilijengwa mwaka 1860 hivi na tajiri wa Kiarabu, Barghash akaja akaipanua, Wajerumani wakaichukua, baadaye ikawa ya polisi na gereza. Boma la Wajerumani limeteswa sana na mvua na miaka. Upande wa baharini kuna makaburi ya Wajerumani, yametunzwa safi, majina yote yamo, na hatua chache tu kuna alama ya mahali walipokuwa wakiwanyongea Waafrika waliowapinga wakati wa vita vya Abushiri. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani, Desemba 1889, mtu akikuambia ni hapa anakudanganya. Zitazame hizo sehemu mbili moja baada ya nyingine, upande mmoja kila mtu ana jina na tarehe, upande wa pili ni bango moja la jumla.

Mwezi huohuo wa Desemba 1889 kuna kisa kingine ambacho waongozaji wazuri hawakiachi: mpelelezi Stanley alifika Bagamoyo na Emin Pasha, yule gavana waliyekwenda "kumuokoa" mpaka huko juu ya Nile, Wajerumani wakawafanyia karamu, na usiku huohuo Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akadondoka kutoka ghorofani akapasuka kichwa. Katoka huko juu ya Nile mpaka pwani akiwa mzima, kaangushwa na karamu. Alipona lakini.

Misheni ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa utumwani, wakapanda minazi na miembe, na wengi wao wakafa vijana kwa malaria, nenda makaburini kwao usome umri. Kuna mbuyu waliupanda walipofika. Mama mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa alikuwa anafunga punda wake hapo kwa mnyororo, mnyororo ukaachwa, mti ukanenepa ukaumeza. Leo unaona kipande kidogo tu cha chuma kinachungulia kutoka kwenye gome, pete chache, zingine ziko ndani ya mti huko. Watoto wanavutiwa na hiki kuliko kanisa na mnara wake.

Soko la samaki weka mwisho. Jahazi na ngalawa zinaingia, mnada unapigwa mchangani, akina mama wako kwenye makarai na samaki na pweza wa kukaanga, unakula hapohapo na chachandu. Hiyo siyo historia, ni chakula cha mchana, na nafuu ukilinganisha na Forodhani ambako bei ya mgeni inakusubiri.

Waongozaji wenyewe

Unguja ukishuka tu botini utapokewa na mapapasi, wale vijana wanaowavizia wageni bandarini, kila mmoja anajiita "guide", kila mmoja anakujua tangu zamani. Wengine ni wacheshi na wanajua vichochoro kuliko mtu yeyote lakini safari yao inaishia kwenye duka la viungo au la vinyago ambako wana asilimia yao. Hoteli au wakala aliyesajiliwa atakupa mwenye kitambulisho cha kazi, muombe akuonyeshe bila aibu. Bei mara nyingi inatajwa kwa dola hata ukiongea Kiswahili cha Tandale, sema mapema kwamba wewe ni mwenyeji na mkubaliane kwa shilingi, pamoja na viingilio vipo ndani au nje.

Bagamoyo huna usumbufu wa kiwango hicho. Unamchukua mwongozaji kwenye vituo vyenyewe, Karavanserai kwa mfano, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kulinganisha na cha mgeni, na misheni wana utaratibu wao tofauti na makumbusho yao. Tatizo la huku ni kinyume chake: wapo wachache, na siku ukikuta yule anayejua hayupo basi utapewa kijana anayesoma mabango kwa sauti. Ndo maana nasema piga simu siku moja kabla, uliza nani yupo, na kama mnakwenda wengi weka miadi kabisa. Unguja hata ukikosa mwongozaji mzuri mji unajibeba. Bagamoyo haujibebi.

Kwahiyo nani aende wapi

Kama ni mara ya kwanza unaleta wazazi kutoka bara, au una mpenzi mnataka pia kula na kukaa baraza jioni, au una mtu mwenye miguu mibovu, Unguja bila kujiuliza. Kama ni Ramadhani fikiria vizuri, mchana migahawa mingi inafungwa na kula hadharani haipendezi, ila usiku wake ni raha. Mavazi ya heshima miji yote miwili, mabega na magoti, na picha za watu waombe kwanza.

Kama ni wanafunzi, Bagamoyo. Kuna nafasi, hawapotei vichochoroni, basi linafika mpaka mlangoni, na mtaala wa misafara, ukoloni wa Wajerumani na wamisionari wote uko ndani ya mji mmoja. Mpenzi wa sanaa pia, maana TaSUBa iko hukohuko, ile iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, na wakati wa tamasha lao mji unabadilika kabisa. Mtu asiye na hela nyingi, Bagamoyo. Mtu anayechoka haraka na magofu na anataka kila kona kuna kitu cha kununua, tafadhali usimpeleke, atawaharibia siku.

Na kama unaweza kufanya vyote viwili kwa wikiendi tofauti, anza Bagamoyo. Mtiririko wa mambo ulikuwa hivyo, misafara ilitoka bara ikafika Bagamoyo, kisha jahazi mpaka Unguja. Livingstone mwenyewe alipita njia hiyo akiwa maiti. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaubeba mwili miezi tisa mpaka pale misheni ya Bagamoyo, ukalazwa usiku mmoja wa Februari 1874 kwenye mnara utakaoonyeshwa, kesho yake ukavushwa Unguja. Ukishasimama kwenye ule mnara halafu wikiendi nyingine ukaingia kanisa la Mkunazini, utauona msalaba wa mbao uliotengenezwa kwa mti wa kule kwa Chitambo, na hutahitaji mtu akueleze kwa nini uko hapo. Ukianza na Unguja utaupita tu, maana Mkunazini kuna mengi na mwongozaji anakuwa na haraka ya kukuwahisha Darajani.